Wimbo wa "juzi" kumbe ni wa 2003: je, nimeanza kusahau?

"Shikamoo daktari. Nilizaliwa mwaka 1982, nauza vitenge hapa Morogoro. Mwezi uliopita tukiwa kwenye harusi, DJ alipiga 'Zali la Mentali' ya Professor Jay, nikamwambia binti yangu huu wimbo umetoka juzijuzi tu. Akanionyesha kwenye simu: 2003, yeye hata hajazaliwa. Tangu hapo wanangu wameufanya mchezo, kila jioni wananisomea mambo ya namna hiyo. Mara Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza, alipozaliwa Zanzibar, Siti binti Saad wa taarabu alikuwa bado hai. Mara Kanumba alifariki wiki ileile Instagram ilipofika kwenye simu za Android. Wakiniuliza mwaka nakosea, tena kwa miaka mingi. Wao wanacheka, mimi silali. Mama yangu ana ugonjwa wa kusahau, ulimwanza akiwa na miaka 68, na siku nyingine ananiuliza kama Mbaraka Mwinshehe atapiga Jumamosi. Je, na mimi ndiyo naanza? Au ni hizi simu? Na mama akiniuliza vile, nimsahihishe?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na hilo linalokunyima usingizi. Kukosea mwaka wa wimbo, hata kwa miaka kumi au kumi na mitano, si mwanzo wa ugonjwa uliompata mama. Isome tena barua yako. Umekumbuka harusi, umekumbuka wimbo na aliyeuimba, umekumbuka binti alikwambia nini na wenzake wamekusomea nini jioni zilizofuata. Ugonjwa wa mama kwa kawaida huanza kwa kula mambo mapya. Anayeanza kuugua husahau kwamba alibishana na mwanawe. Wewe mabishano unayo yote, kilichokosekana ni tarakimu nne za mwaka, na hizo karibu hakuna mtu anayezihifadhi.

Wengi tunaamini kumbukumbu ni kama daftari lako la mauzo, kila kitu na tarehe yake pembeni, kwa hiyo tarehe isipoonekana tunadhani daftari limeliwa na mchwa. Sivyo. Kichwa hakiandiki tarehe. Kinahifadhi sauti, sura, mahali, nani alikuwepo, ulijisikiaje. Ukiulizwa "ilikuwa lini?", akili haina pa kwenda kusoma, inakisia kwa vidokezo ilivyonavyo. Kidokezo inachokitegemea sana ni uwazi. Kumbukumbu ikija kwa ukungu, akili inasema hili ni la zamani. Ikija kamili, mstari kwa mstari, inasema hili ni la karibuni. Mara nyingi inapatia, maana mambo mengi hufifia kadiri siku zinavyokwenda. Inakosea pale jambo la zamani linapokataa kufifia.

Na hakuna kinachokataa kufifia kama muziki. "Zali la Mentali" hukuisikia mwaka 2003 ukaachana nayo. Umeisikia kwenye daladala, saluni, kwenye harusi za watu, redioni siku za kumbukumbu ya Bongo Fleva, na kila ulipoisikia kumbukumbu yake ilipata nguvu mpya. Halafu mwaka 2003 wewe ulikuwa na miaka 21. Wanaochunguza kumbukumbu wamelikuta jambo hili katika nchi nyingi: mtu aliyepita arobaini akiulizwa habari za maisha yake, yanayomjia kwa wingi ni ya kati ya miaka kumi na thelathini hivi. Ndio umri wa mambo ya mara ya kwanza: mshahara wa kwanza, chumba cha kwanza cha kupanga, mapenzi ya kwanza yaliyouma. Nyimbo za umri huo zinashikamana na hayo yote. Zinabaki waziwazi, na kichwa kikiona uwazi huo kinasema "juzi". Kwa hiyo ulikosea mwaka kwa sababu unaukumbuka wimbo vizuri mno.

Nikupe hesabu moja itakayokushtua zaidi, lakini itakuonyesha binti yako amesimama wapi. Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari karibu na Mombasa. "Zali la Mentali" ilipotoka, Mbaraka alikuwa ametimiza miaka 24 tangu atutoke. Wewe wa miaka 21 ulimhesabu kuwa mwanamuziki wa wazazi wako, na redio zilimpiga kwenye vipindi vya zilipendwa. Sasa ongeza miaka 24 juu ya 2003. Unafika 2027. Yaani umbali uliokuwepo kati yako na Mbaraka ndio huo uliopo kati ya binti yako na wimbo wako. Aliposema ni wa zamani hakukukosea adabu hata kidogo.

Kwa nini basi miaka 24 ya kwanza unaiona mirefu na ya pili mifupi? Ya kwanza hukuiishi yote, na sehemu kubwa uliipata kwa kusimuliwa. Ulipokutana na Mbaraka tayari kila kitu kwake kilikuwa tofauti na chako: magitaa na saksafoni za Morogoro Jazz, santuri, picha zisizo na rangi. Tofauti zote ulizipokea kwa mpigo, zikakuonyesha umbali. Miaka ya pili umeishi ndani yake. Kanda ilikwenda, ikaja CD, ikaja kadi ya kumbukumbu kwenye simu, ikaja YouTube, kimoja kimoja, na wimbo ulihama pamoja nawe kila mara. Hukupata siku ya kusimama ukaona umetoka wapi.

Hilo la Siti na Freddie Mercury lina chanzo kingine kabisa, na mimi nalipenda kuliko yote uliyoyataja. Ni kweli. Siti binti Saad, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, alifariki Julai 1950. Freddie Mercury, kwa jina la kuzaliwa Farrokh Bulsara, alizaliwa Zanzibar Septemba 1946. Alipokuwa mtoto wa miaka mitatu, Siti alikuwa hai kisiwa hichohicho. Ukitaka kizunguzungu zaidi, Bi Kidude, aliyezikuza nyimbo za Siti, alifariki Aprili 2013, zaidi ya miaka 21 baada ya Freddie Mercury kufariki London.

Mbona inashangaza? Hakuna anayekumbuka mambo hayo kwa macho yake, kwa hiyo suala la uwazi halipo. Hapa akili inafanya kazi ya kupanga mambo kwa makundi. Siti tumemweka kwenye kundi la taarabu ya kale, kanga na gramafoni. Freddie tumemweka kwenye kundi la viwanja vilivyojaa, taa na televisheni. Tukishapanga makundi tunasahau kwamba sisi ndio tuliopanga, tunaamini moja lilikwisha ndipo jingine likaanza. Watu hawaishi hivyo. Mzee mmoja anaishi miaka sabini au tisini, anakanyaga makundi mawili matatu bila kuulizwa. Shaaban Robert kwa wanafunzi wetu ni mtu wa kale sana, jina la kwenye mtihani wa fasihi. Alifariki Juni 1962. Marilyn Monroe alifariki Agosti, na Oktoba ya mwaka huohuo Beatles wakatoa santuri yao ya kwanza Uingereza. Mwandishi wa "Kusadikika" na Elvis Presley walikuwa duniani pamoja, na Elvis alikuwa ameshakuwa maarufu kwa miaka kadhaa.

Jambo la Kanumba lina mkono wa vyote viwili, uwazi na makundi. Alifariki tarehe 7 Aprili 2012, Jumamosi ya kuamkia Pasaka, akiwa na miaka 28. Instagram iliingia kwenye Android tarehe 3 Aprili. Tarehe 9, Facebook wakatangaza kuinunua. Kwa hiyo ndiyo, wanao wamesema kweli, msiba ulianguka katikati ya siku hizo sita. Lakini Kanumba kwetu ni mtu wa filamu za kwenye DVD, za kununua mtaani na kuazimana na jirani, na Instagram tunaiona ni mambo ya sasa. Msiba ule nao uliumiza watu, na jambo la kuumiza hukaa waziwazi, ndiyo maana wengine wanadhani ni la miaka michache tu iliyopita. Huku unavutwa karibu, huku unasukumwa mbali. Usishangae kukosea pande zote mbili.

Kwetu kuna sababu nyingine ambayo vitabu vingi vilivyoandikwa Ulaya haviigusi: vitu vilitufikia kwa kuchelewa. Televisheni Tanzania Bara ilianza mwaka 1994. Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya 1970, kabla hata ya Afrika Kusini iliyosubiri hadi 1976. Wewe uliyezaliwa 1982 huenda ulimjua Bruce Lee kwenye kibanda cha video, umebanana na wenzako kwenye benchi, na mkitoka mnapigana mateke njia nzima. Kwenu alikuwa shujaa wa wakati huo. Bruce Lee alifariki Julai 1973, na filamu yake ya "Enter the Dragon" ilitoka mwezi uliofuata. Ulipomshangilia alikuwa kaburini tangu kabla hujazaliwa. Ukiulizwa leo ni wa miaka gani, akili yako inajibu kwa mwaka aliokufikia wewe. Kwa maisha yako hilo ni jibu sahihi. Kwa kalenda ya Hong Kong ndiyo limekosea. Na mambo huenda kinyume pia: watalii wengi wanaosikia "Jambo Bwana" pwani wanadhani maneno yake ya "hakuna matata" yalitokana na "The Lion King" ya 1994, wakati Them Mushrooms wa Mombasa walishaurekodi zaidi ya miaka kumi kabla.

Umeuliza kuhusu simu. Sijaona sababu ya kukwambia simu inaharibu ubongo wako. Inachofanya ni kuvuruga vidokezo. Zamani wimbo wa zamani ulikuja na mikwaruzo ya kanda na mtangazaji aliyesema mwaka. Leo kwenye kioo kimoja unapita video ya jana, kipande cha 1998 kilichosafishwa picha, na wimbo wa 2003 uliowekewa sauti ya kijana wa leo. Diamond aliporudi na "Salome" mwaka 2016, watoto wengi waliusikia wimbo ambao Saida Karoli alikuwa ameupeleka mbali mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wakauhesabu wao. Kila kitu kimewekwa sasa. Kwa hiyo simu ina lawama yake, lakini ni lawama ndogo.

Wapo watakaokwambia ni umri tu, kwamba kadiri unavyokua miaka inakimbia. Mfaransa Paul Janet alilieleza hilo mwaka 1877: kwa mtoto wa miaka mitano mwaka mmoja ni sehemu ya tano ya maisha yake, kwa mtu wa arobaini ni sehemu ya arobaini. Ni wazo zuri na lina ukweli, ila halitoshi. Mtu wa miaka hamsini akihamia mji mpya, akabadili kazi, akazika na akaoza ndani ya mwaka mmoja, atakwambia mwaka ule ulikuwa mrefu. Miaka inayofanana ndiyo inayoyeyuka. Ukikaa dukani kulekule, njia ileile, miaka kumi inaweza kubaki kichwani kama mmoja.

Sasa ufanye nini? Kwanza acha kukisia mwaka. Tumia alama, kama wazee wetu wanavyofanya. Waulize wa Morogoro Mbaraka alikufa lini, wengi hawatasema 1979, watasema "wakati wa vita vya Kagera", na watakuwa wamepatia, maana Januari ile majeshi yetu yalikuwa vitani na Kampala ilianguka Aprili. Hiyo ndiyo njia ya uhakika ambayo akili inayo. Wanao wakikuuliza kuhusu wimbo, jiulize: rais alikuwa Mkapa au Kikwete? Nilikuwa naishi wapi? Nilikuwa na mtoto gani mgongoni? Nilikuwa na simu? Tupac alikufa kabla au baada ya MV Bukoba? Baada: meli ilizama Mei 1996, yeye akafariki Septemba. Jaribu na "Zali la Mentali" sasa hivi. Binti hajazaliwa, rais ni Mkapa, umeshamaliza shule. Umebanwa hapo kati ya miaka michache tu, na hujagusa simu.

Nikwambie wazi kwamba zoezi hili litakufanya upatie miaka vizuri zaidi; halitazuia ugonjwa wowote. Vidonge na unga wa "kuongeza kumbukumbu" vinavyouzwa mitaani na mitandaoni usipoteze hela yako. Kama hofu yako ni kufika alipofika mama, yenye maana ni kupima presha na sukari na kuzidhibiti, kutembea, kulala vya kutosha, kutovuta sigara, na kutibu masikio yakianza kuwa mazito. Kuwa na mzazi aliyeugua kunaongeza uwezekano kiasi fulani, lakini ugonjwa uliomwanza mtu akiwa na miaka 68 si ule wa nadra unaorithishwa moja kwa moja na kuanza mapema. Hukuandikiwa.

Wanao nao waambie wahakiki. Mengi ya haya yanayozunguka ni ya kweli: Cleopatra aliishi karibu zaidi na safari ya mwezini ya 1969 kuliko na ujenzi wa Piramidi Kuu, hesabu iko sawa. Mengine yamejengwa juu ya tarehe isiyojulikana. Mwaka wa kuzaliwa wa Bi Kidude haukuwahi kuthibitishwa, kwa hiyo kila linaloanza na "Bi Kidude alizaliwa mwaka fulani kabla ya..." lishikeni kwa tahadhari.

Kuna hali ambazo ningekutaka uende hospitali ya rufaa ya mkoa ukaonwe ana kwa ana, usisubiri barua. Ukianza kupotea njia unayoipita kila siku. Ukirudia swali lilelile ndani ya saa moja bila kujua umeshauliza. Ukishindwa chenji na hesabu za vitenge ulizozoea. Wengine wakiona umebadilika kuliko unavyoona mwenyewe. Hiyo ni ishara nzito kuliko hofu yako, kwa hiyo nenda na mtu unayeishi naye, na beba dawa zote unazotumia. Mengi yanayofanana na ugonjwa wa kusahau yanatibika: sonona, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, baadhi ya dawa za usingizi na za mzio. Kuchanganyikiwa kwa ghafla, ndani ya saa au siku, hasa pamoja na homa, mdomo kwenda upande au mkono kulegea, ni dharura ya siku hiyohiyo, kwako na kwa mama pia. Na huku kutolala kwenyewe kukiendelea wiki mbili tatu zaidi, kuseme. Kumuuguza mama ni kazi nzito, na uchovu wa mlezi unasahaulisha vitu vingi tu.

Kuhusu mama na Mbaraka: usimsahihishe kwa nguvu. Ukimwambia "Mbaraka alikufa 1979", kwake inaweza kuwa habari mpya ya msiba, na kesho akiuliza tena utampa msiba mwingine. Ugonjwa umechukua ya karibuni, umemwachia ya ujanani, na yale ya ujanani ndiyo yaliyokuwa yamejikita zaidi tangu mwanzo. Kwa hiyo mfuate huko aliko bila kumdanganya. "Mama, ulikuwa ukienda kumsikiliza wapi? Ulikuwa unakwenda na nani?" Kisha mwekee wimbo. Wapo wagonjwa ambao hawakumbuki walichokula asubuhi lakini wanaimba ubeti mzima na kutulia, hasa nyakati zinazowasumbua kama kuoga au jioni giza linapoingia. Weka sauti ya kiasi, wimbo mmoja mmoja, nyimbo za miaka ya sabini alipokuwa msichana, na si redio iliyowashwa kutwa nzima, maana makelele mfululizo huwachanganya. Wimbo ukimliza kwa uchungu au ukimkasirisha, uzime, jaribu mwingine siku nyingine. Na umkabidhi mmoja wa wanao kazi ya kuzitafuta hizo nyimbo kwenye simu na kuandika majina ya zile anazoziitikia, ili hata usipokuwepo nyumbani, anayebaki naye ajue aanze na upi.